Waulize Dada Zake: Uchumba, Ukoo na Dalili za Ukatili Katika Ukanda wa Dhahabu

Posa ikifika nyumbani, iwe Kishapu, Kahama au Bukombe, kazi ya kwanza ya wazee ni kuulizia. Shangazi mwenye jamaa katika kijiji cha upande wa pili hutumwa kimyakimya akasikilize. Ukoo ule una kifafa? Umewahi kuwa na ukoma? Kuna aliyetajwa kwa uchawi? Ni watu wa wizi wa mifugo? Wanalima, au ni wa kushinda kilabuni? Majibu yakiridhisha, mazungumzo huhamia kwenye idadi ya ng'ombe.

Naiheshimu kazi hiyo. Jamii inayoulizia kabla ya kumtoa binti yake inakiri jambo ambalo mapenzi ya haraka hulisahau: jinsi mtu alivyoishi na watu wake ndiyo habari ya kuaminika zaidi kuhusu jinsi atakavyoishi na wewe. Hata hivyo, katika orodha ile ndefu swali moja halimo mara nyingi, nalo ndilo linaloamua kama binti ataishi salama: kijana huyu anawapiga walio chini yake?

Si swali dogo katika mikoa yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba nusu ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuolewa walikuwa wametendewa ukatili na waume zao, wa mwili, wa kingono au wa kihisia. Shinyanga ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoongoza. Hapo jirani, Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wanawake wa vikundi vya mikopo ulikuta kwamba takriban 6 kati ya 10 walikwishapigwa au kulazimishwa kingono na mwenza wao. Bila shaka wapo miongoni mwao walioolewa baada ya ukoo kuuliziwa. Kwa hiyo inafaa tuzilinganishe mila zinazokutana katika ukanda huu wa dhahabu, ya Kisukuma, ya Kikristo na ya Kiislamu, na nyingine za jirani, tuone zinauliza nini, zinamuuliza nani, na zinafanya nini jibu likiwa baya.

Wanachouliza

Kwa Wasukuma, ndoa ya ng'ombe huunganisha nyumba mbili. Mifugo hutoka katika zizi la baba wa kijana, mara nyingi kwa msaada wa ndugu, na ikifika kwa baba wa binti huanza safari nyingine: kaka zake binti nao watahitaji ng'ombe wa kuolea. Ndiyo maana uchunguzi wa Kisukuma unautazama ukoo kama damu na kama mali. Unataka kujua wajukuu watarithi ugonjwa gani, na zizi litasimama au litaanguka. Ni uchunguzi mpana, wenye subira, na unawafikia watu wengi. Udhaifu wake ni kwamba kipigo hakihesabiwi kuwa kasoro ya ukoo. Utafiti uleule wa 2015-16 ulikuta kuwa asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume nchini walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe walau kwa sababu moja. Mwulizaji na mwulizwaji wakiwa na mawazo hayo, shangazi atarudi na habari ya ng'ombe 40 na jembe la kukokotwa, na hatasema lolote kuhusu dada wa kijana aliyevunjwa mkono, kwa kuwa hayo ni mambo ya ndani.

Tena kuna malezi ya nje ya nyumba. Katika desturi ya chagulaga, vijana humzunguka binti njiani, mnadani au ngomani na kumfuata hadi amtaje mmoja wao. Watetezi wa haki wameipinga, na wana haki ya kuipinga, kwa sababu inamfundisha kijana kwamba "hapana" ya msichana ni kitu cha kushindwa kwa wingi na kwa kung'ang'ania. Kijana aliyefuzu somo hilo, ukimuulizia ukoo wake pekee, ataonekana hana doa.

Kanisa lilikuja na njia yake. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliagiza ndoa zitangazwe hadharani kabla ya kufungwa, na ule wa Trento mwaka 1563 ukaweka matangazo mara tatu. Hadi leo, Jumapili tatu mfululizo, majina ya wachumba husomwa mbele ya waumini, na anayejua kizuizi anatakiwa aseme. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ina sura kama hiyo: wachumba hutoa taarifa siku 21 kabla, na sheria inaruhusu pingamizi. Uzuri wa njia hii ni uwazi. Habari haibaki kwa shangazi na jamaa yake. Parokia nzima, kata nzima, inapewa wajibu wa kusema. Ila kinachoulizwa ni kizuizi: je, wana udugu wa karibu, je, mmoja ana ndoa nyingine? Mwanamke anayejua kwamba bwana harusi alimpiga mchumba wa kwanza hadi akalazwa hataona mahali pa kulisemea hilo, maana halimo katika orodha ya vizuizi.

Upande wa Kiislamu kuna kisa ambacho kingestahili kusimuliwa katika kila nyumba inayopokea posa, ya Mwislamu na ya asiye Mwislamu. Katika mkusanyiko wa hadithi wa Imamu Muslim, Fatima binti Qays, aliyekuwa amemaliza eda, alimwendea Mtume kumtaka ushauri. Wanaume wawili walikuwa wamemposa, Muawiya na Abu Jahm. Mtume alimweleza waziwazi kwamba Muawiya hana mali, na kuhusu Abu Jahm alimwambia kwamba ni mtu asiyeweka fimbo chini. Katika mapokezi mengine imesemwa bayana kuwa ni mpigaji wa wanawake. Akamshauri aolewe na Usama bin Zaid. Mwanzoni Fatima hakumpenda, lakini aliolewa naye na akaiona heri ya ndoa ile.

Wanazuoni walijenga kanuni juu ya kisa hiki. Imamu Nawawi, katika karne ya 13, alihesabu ushauri wa ndoa miongoni mwa mambo yanayoruhusu kusema aibu ya mtu asiyekuwapo. Kusengenya ni haramu, lakini anayeulizwa kuhusu mposaji akanyamaza ilhali anajua, amemfanyia hiana aliyeuliza. Hapo mila ya Kiislamu imefika mahali ambapo uchunguzi wa ng'ombe na matangazo ya kanisani havikufika: imekitaja kipigo kwa jina lake, imekiweka katika mizani ya posa, na imemwondolea shahidi hofu ya dhambi. Inasikitisha kwamba hata misikitini kisa hiki husomwa zaidi kama somo la eda na la ulimi, wakati wazazi wanaopokea posa ndio wanaokihitaji kuliko wote.

Wa kuulizwa

Waswahili wanasema siri ya mtungi muulize kata. Wazee wa kijiji wanamjua kijana kwa salamu zake. Dada zake wanamjua kwa siku ambayo chakula kilichelewa. Hapa ndipo mila zote tatu zinapungukiwa, kwa kuwa zote husikiliza zaidi watu walio juu ya kijana au sawa naye. Kila mtu humheshimu mwenye zizi. Kijana anayemwinamia baba yake na kumletea mama kanga za sikukuu bado hajatupa habari tunayoitafuta. Heshima kwa walio juu yako huletwa hata na hofu au tamaa ya urithi. Tabia hujulikana kwa walio chini: mdogo wa kike, mtoto wa ndugu aliyeletwa kulelewa, dada wa kazi, mchunga ng'ombe wa kuajiriwa, mke wa kaka mdogo, mtalaka.

Binti akipelekwa kutambulishwa, yeye ndiye hutazamwa: anavyopiga magoti, anavyoshika ungo, anavyosonga ugali. Naye ana haki ya kutazama. Chakula kimeletwa, maji ya kunawa yamechelewa. Mdogo wa kike wa mchumba anakuja na birika na beseni, na kaka mtu anapandisha sauti. Mtoto akijibu kwa kucheka, "Nakuja bwana kaka," basi nyumba hiyo ina pumzi. Lakini mabega yake yakipanda, maji yakimwagika mkekani, na watu chumbani wakaacha kutafuna kwa muda hadi wajue hasira imeelekea wapi, binti ameshajibiwa swali ambalo shangazi hakuliuliza.

Kisha amsikilize mama mtu jikoni. "Mwanangu mtu mwema, ila ana hasira za baba yake. Ukimjulia hana neno." Mama yule hana nia mbaya, anatoa sifa na tahadhari kwa pamoja. Bila kukusudia ameeleza kwamba ameishi miaka yote kwa kumjulia mtu, na sasa anaikabidhi kazi hiyo kwa mkwewe. Mawifi wakidakia kwamba ndoa ndivyo zilivyo, ujumbe umekamilika: siku ya kipigo, nyumba hii haitakuwa upande wako.

Kuna mambo mengine ya kutazama. Wake wa kaka zake huenda kwao kusalimia, au huomba ruhusa hadi wachoke? Mama mtu ana kuku au kiwanja anachoweza kukiuza bila kumwomba mwanawe? Mtalaka wake aliondokaje, na watoto aliozaa naye wanakula nini? Juu ya yote kuna swali moja ambalo ningependa kila mshenga alibebe: ni nani akimwambia kijana huyu "acha", anaacha? Iwe ni baba, mjomba, mchungaji au rafiki wa utotoni. Mwanaume ambaye hakuna kiumbe anayeweza kumkanya akasikia ni hatari, hata kama hajampiga mtu bado.

Utoto na hukumu yake

Je, aliyekulia katika nyumba ya kipigo naye atapiga? Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika nchi 10, Tanzania ikiwamo kwa Dar es Salaam na Mbeya, ulionyesha uhusiano ulio wazi. Mwanaume aliyepigwa utotoni au aliyemwona mama yake akipigwa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kumpiga mwenza wake, na hatari huongezeka pale mke naye alipokulia katika hali hiyohiyo. Mtoto hujifunza nyumbani jinsi mkubwa anavyomaliza hasira.

Ila hatari kuongezeka hakumaanishi kwamba hukumu imekwishatolewa. Wapo wanaume wengi, Shinyanga na kwingineko, walioona mama zao wakilia usiku na kuapa kwamba mikono yao haitafanya hivyo, nao wakatimiza. Kumkataa kijana kwa dhambi ya baba yake kungekuwa kosa lilelile la kuulizia kifafa na uchawi: kumhukumu mtu kwa damu. Tumsikilize anavyosimulia. Anayesema fimbo za baba ndizo zilizomfanya mwanaume, na kwamba mama naye alikuwa na mdomo, anatangaza kanuni ya nyumba yake ijayo. Anayeyaona machozi ya mama yake, na kusema kwamba baba alikosea, tayari ameshatoka katika nyumba ile.

Ukoo nao una historia ya kutazamwa: tutazame wajane wake. Wanawake wawili wa Kisukuma kutoka mkoa wa Shinyanga walifiwa na waume zao, na ndugu wa marehemu wakachukua usimamizi wa mirathi na kuwaondoa majumbani mwao, kwa kutegemea sheria za kimila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hizo zinabagua, lakini haikuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilitupa rufaa kwa kasoro ya tarehe katika hati ya amri. Hatimaye mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki zao. Nalitaja shauri hili kwa sababu mwanamke alipofiwa ilionekana jinsi ukoo ulivyokuwa ukimhesabu siku zote: mke kamili, au mgeni aliyekuwa akivumiliwa kwa ajili ya mumewe. Anayetaka kujua thamani yake katika nyumba anayokwenda aulize wajane wa nyumba hiyo wanaishi wapi na mashamba yao yanalimwa na nani. Asikilize pia kikongwe wa ukoo anavyosemwa. Katika nchi ambako wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa shamba, mzaha kuhusu macho mekundu ya bibi haupaswi kupuuzwa.

Migodini, ambako ukoo haupo

Yote haya yanadhani kwamba ukoo unaonekana. Katika machimbo ya Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, Kakola na Mwakitolyo hauonekani. Dhahabu ikiibuka mahali, watu hujaa kutoka Kigoma, Tabora, Mara na Singida. Wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wenye makarasha ya kusaga mawe, mama lishe, wauza mitumba. Wawili wanakutana kwenye ugali na maharage, na baada ya muda wanahamia chumba kimoja cha mabati. Ndiyo ndoa ya sogea tukae. Hakuna aliyetumwa kuulizia, hakuna matangazo, hakuna walii wa kumwozesha binti. Kaka zake binti wako safari ya siku mbili, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hapa lazima uchunguzi ubadilike bila kuachwa. Walioshirikiana naye duara ndio ndugu zake wa sasa: anagawaje mawe na fedha wakati hakuna mzee wa kuamua? Anamtendeaje kijana anayevuta kamba, ambaye hawezi kumlipizia? Anampigia mama yake simu mbele yako? Kutokuwa na ndugu si dalili. Wapo mayatima, na wapo waliokimbia makwao kwa sababu walikuwa wakipigwa. Dalili ni usiri: jina la tatu kwa mji wa tatu, simulizi ya nyumbani inayobadilika kila ikiulizwa, na mke wa zamani ambaye daima ndiye mwenye makosa yote.

Kubwa zaidi, tazama anavyowatendea watu wako wewe. Tafiti za kitaifa za afya huwauliza wanawake kama mume huwa na wivu wakizungumza na wanaume wengine, kama huwazuia kuonana na marafiki, kama hujaribu kupunguza mawasiliano yao na ndugu zao, kama hudai kujua waliko kila saa. Maswali hayo yamewekwa humo kwa sababu kumdhibiti mtu na kumpiga huenda pamoja. Mdogo wako akija kukutembelea anaitwa mzigo. Simu ya mama inaleta ugomvi. Laini inavunjwa, unanunuliwa nyingine ambayo nyumbani hawaijui. Katika kambi ya mgodi hii huitwa wivu wa mapenzi, na wengine huifurahia. Ni dalili nzito kuliko kofi la kwanza, kwa sababu inaondoa watu ambao wangelisikia kofi hilo.

Jibu likiwa baya

Mila hupimwa hasa hapa. Ng'ombe waliokwishapokelewa na kugawanywa hufunga mdomo wa baba: binti akirudi na jicho lililovimba, zizi la kaka yake limo hatarini. Anaambiwa avumilie. Uganda ilikabiliana na jambo hili mahakamani. Katika shauri la shirika la Mifumi, Agosti 2015, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba, ingawa mahari yenyewe iliachwa iendelee. Huo ni mpaka mzuri wa kuiga: ng'ombe wabaki kuwa heshima, wasiwe dhamana.

Mila nyingine zilimweka mwanamke karibu na watu wake tangu mwanzo. Kwa Wamakua, Wayao na Waluguru, wanaofuata ukoo wa mama, kwa desturi mume alihamia kwa kina mke, wajomba wakiwa karibu. Huko Tarime, katika nyumba ntobhu ya Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe na kuoa mwanamke mwenzake, na wapo walioichagua baada ya kukimbia vipigo vya waume. Desturi hizi zina kasoro zake, na hakuna inayozuia ukatili peke yake. Lakini zinakubaliana katika jambo moja: usalama wa mwanamke hutegemea kuwa na watu wanaosikia na mlango ulio wazi. Mwenda kwao si mtumwa.

Najua jibu litakalokuja: mchagua jembe si mkulima, na msichana anayeuliza sana atazeekea nyumbani. Atazeeka akiwa na meno yake. Wala tusigeuze dalili hizi kuwa fimbo ya kumchapa aliyeolewa akapigwa, tukimuuliza kwa nini hakuziona. Kosa ni la anayepiga. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa kipigo, na ulinzi huo hauishii kwa wenye cheti: waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi wakijulikana kama mume na mke, sheria huwadhania kuwa wanandoa. Madawati ya Jinsia na Watoto ya polisi yapo kwa ajili yao pia.

Tulichonacho tayari kinatosha kuanzia. Tuchukue upana wa uchunguzi wa Kisukuma, uwazi wa matangazo ya kanisani, na ujasiri wa kisa cha Fatima binti Qays. Shangazi anayetumwa kuulizia aketi na dada za kijana na mtalaka wake, si na wazee peke yao. Katekista na shekhe wawaambie waumini waziwazi kwamba anayejua kipigo na akaulizwa ana wajibu wa kusema. Na baba, kabla hajapokea ng'ombe wa kwanza, atamke mbele ya wakwe na mbele ya bintiye kwamba siku akipigwa atarudi nyumbani, na hakuna atakayehesabu ng'ombe kabla ya kumfungulia. Kijana mwema hatakwazika kwa maneno hayo. Atakayekwazika, posa yake irudishwe siku hiyohiyo.